Mapipa milioni 24 au milioni 123? Makadirio ya nishati ya dunia na sisi wa mwisho wa reli

Mtu wa Mwanga

Wakuu salama? Uzi mrefu huu, mwenye bando dogo apite tu.

Kila mwaka Shirika la Kimataifa la Nishati, lile la Paris linaloitwa IEA, linatoa kitabu kikubwa cha makadirio ya nishati ya dunia, na OPEC pale Vienna nao wanatoa cha kwao, magazeti yanachukua mstari mmoja tu humo, "mafuta kufika kileleni kabla ya 2030" au "mafuta bado yapo sana", na kesho yake kila mtu humu ni mtaalamu. Mi nataka tuangalie namba zenyewe halafu tuone zinatuhusu nini sisi wa Kigoma.

Chukua mwaka mmoja tu, 2050, na swali moja tu, dunia itakuwa inatumia mapipa mangapi ya mafuta kwa siku. Sahivi ni zaidi kidogo ya milioni 100. Ripoti ya IEA ya 2021, ile ya kufikisha hewa ukaa sifuri, ilisema milioni 24. OPEC mwaka 2025 wakasema karibu milioni 123. Na IEA haohao kwenye kitabu cha Novemba 2025 wakarudisha sinario (yani picha ya "itakuwaje ikiwa") ya "sera za sasa" waliyokuwa wameitupa kabatini miaka kadhaa, na humo inatoka milioni 113. Mwaka uleule, dunia ileile, na hizo tatu mbili zimetoka nyumba moja.

Najua mtu atasema wazungu waongo. Hapana, hapo tunakosea kusoma. Zile namba hazijibu swali moja. Ile 24 inasema ikiwa dunia imeamua kufika sifuri 2050, basi mafuta lazima yashuke mpaka hapa, yani imeanza na jibu ikarudi nyuma kutafuta njia. Ile 113 inasema ikiwa serikali zitabaki na sheria zilizopo leo bila kuongeza kitu, tutaishia hapa. Zote zina "ikiwa" mbele yake. Ila ikifika gazetini "ikiwa" inakuwa imeshuka Morogoro, huku inafika namba peke yake.

Na mwenye kalamu mwangalie pia. IEA ilizaliwa 1974 baada ya nchi za Kiarabu kuwanyima mafuta wakubwa 1973, ni chama cha wanunuzi. OPEC ilianzishwa Baghdad 1960, ni chama cha wauzaji. Sisemi wanadanganya, nasema hata mimi ukiniuliza dagaa watapanda bei jibu langu litategemea kama nina gunia ndani.

Makosa yao ya nyuma yanafundisha kuliko hata namba zao. Kuna mjiolojia alikuwa kampuni ya Shell anaitwa M. King Hubbert, mwaka 1956 alisema uzalishaji wa mafuta Marekani utafika kileleni karibu na 1970. Ukafika kweli 1970, jamaa akawa kama nabii. Alafu teknolojia ya kupasua miamba ikaja, ikapita ile rekodi, na sahivi Marekani inachimba zaidi ya mapipa milioni 13 kwa siku, hakuna nchi inayoikaribia. Kwenye sola ni kinyume chake, IEA kwa miaka mingi ilichora mstari umelala, kwamba paneli zitakazofungwa mwaka ujao zitakuwa kama za mwaka huu, na kila mwaka mstari wa kweli unapanda juu wao wanachora tena umelala. Bei ya paneli ndani ya miaka kumi ilianguka karibu asilimia 90. Mwaka 2024 peke yake dunia ilifunga kama gigawati 600 za sola, ukipiga hesabu kwa uwezo ulioandikwa kwenye mtambo tu ni zaidi ya mabwawa 280 kama la Julius Nyerere pale Rufiji, japo najua usiku jua halipo msianze.

Sasa njooni nyumbani. Mwaka 2014 serikali ilitoa mwelekeo wa mageuzi ya sekta ya umeme, ikasema kutoka megawati 1,583 tutafika angalau 10,000 ifikapo 2025. Tulipofika 2025 tulikuwa na kama 4,000, na nusu yake na ushee ni bwawa moja, megawati 2,115. Na hata hizo 4,000 mahitaji ya juu kabisa ya nchi hayazifikii, hayajafika hata karibu. Kwa iyo swali langu la kwanza, zile 10,000 alizikadiria nani, na alifikiri nani angezitumia?

Swali la pili ndo limenifanya nifungue uzi. Mkadiriaji anafanyaje kazi? Anachukua matumizi ya miaka iliyopita, anaweka ongezeko la watu, anaweka ukuaji wa uchumi, anavuta mstari. Kigoma tulikaa nje ya gridi miaka yote tukila jenereta za dizeli mpaka gridi ilipoanza kuingia 2022 kupitia Nyakanazi. Sasa hayo "matumizi ya miaka iliyopita" ya mtu wa jenereta ni nini? Ni uwezo wa jenereta! Siyo hamu ya watu. Mashine za kukamua mawese zilikuwa za dizeli, za kusaga za dizeli, barafu ya samaki shida, mwenye wazo la kiwanda anapiga hesabu anaenda zake Mwanza. Hao wote kwenye takwimu za umeme hawapo. Mkadiriaji anaangalia daftari anasema Kigoma mahitaji madogo, laini kubwa hailipi. Laini haiji, kiwanda hakiji, mwaka ujao anafungua daftari anasema si niliwaambia mahitaji madogo.

Hiyo ndo hoja yangu. Makadirio yakishaingia kwenye sera yanakuwa amri, na yakikuandika mdogo unabaki mdogo. Karibuni.

mpita njia

Kwa iyo petroli itashuka au haitashuka? Jibu fupi tafadhali

Mtu wa Mwanga

Ngoja Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaotangaza bei kikomo za mafuta, watakwambia 😂 Na ukiona bei ya Dar ongeza nauli ya lori mpaka huku. Ila serious mkuu, hakuna anayejua. Tarehe 20 Aprili 2020 pipa la mafuta ya Marekani liliuzwa chini ya sifuri, dola 37 hasi, yani mwenye mafuta anakulipa uyachukue kwa sababu hana pa kuyaweka. Tafuta kitabu chochote cha 2019 kilichoandika hivyo.

bwana_asali

Tabora hapa. Naunga mkono hoja ila mleta uzi umeruka kitu kikubwa kinachopita mlangoni kwetu, bomba la mafuta ghafi la Hoima mpaka Tanga. Kilomita 1,443, na kiwanda cha kuyavisha mabomba ile blanketi ya joto kiko Sojo, wilaya ya Nzega, maana mafuta ya Uganda ni mazito yakipoa yanaganda kama samli. Likijaa litapitisha mapipa zaidi ya 200,000 kwa siku.

Sasa sikiliza. Ile ripoti ya 2021 ya milioni 24 ndo ileile iliyosema kwa njia hiyo hakuna haja ya kufungua visima vipya zaidi ya vilivyokwishaidhinishwa. Wanaharakati wakaishika kama msahafu. Februari 2022 wawekezaji wakasaini uamuzi wa mwisho, Septemba hiyohiyo Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kulipinga bomba, na benki kubwa kadhaa za nje zikajitoa kwenye mkopo. Yani kijana wa Nzega aliyepata ajira Sojo, mkataba wake ulikuwa unatikiswa na "ikiwa" iliyoandikwa Paris, na aliyeitikisa wala hajasoma ukurasa wenye neno ikiwa.

Nyie wa Kigoma mnalia mliandikwa wadogo. Sisi tuliandikwa tusiwepo kabisa.

fundi_nguzo

Bwana asali hapo umepiga penyewe ila geuza upande wa pili pia. TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, ina asilimia 15 ya lile bomba, hela yetu imo. Ikiwa dunia ikaenda hata nusu ya njia kuelekea ile 24, bei ya mafuta inaanguka na bomba halihami, huwezi kuling'oa Nzega ukalipeleke kwenye biashara nyingine. Ikiwa 113 ikatokea tunakula vizuri. Serikali ya Uganda na ya kwetu zimeweka dau kwenye moja ya hizo sinario, na mi sijaona mahali wananchi tumeambiwa wazi kwamba hili ni dau.

Mi nimefanya kazi za laini muda mrefu nitaongea kwa uzoefu. Makosa ya makadirio hayalingani uzito. Ukikadiria chini unapata mgao. Mnaukumbuka wa kuanzia Septemba 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, upungufu ulifika kama megawati 400, saluni zimefungwa, samaki wameoza. Ukikadiria juu hakuna anayeona giza, ila unalipa. Na hapa ndo kuna kichekesho, mgao wenyewe haujasahaulika, ikafika Aprili 2024 mashine za bwawa jipya zimeanza kuingia, mvua za kumwaga, shirika la umeme TANESCO likazima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme umezidi!! Kutoka kukosa mpaka kuzidi, miezi michache.

Ghana ndo mfano wa kusoma. Walikuwa na mgao mbaya, wenyewe wanauita dumsor, 2012 mpaka 2015 hivi. Wakapagawa, wakasaini mikataba na kila aliyekuja na jenereta, mikataba ya tumia usitumie utalipa. Kufika 2019 waziri wao wa fedha akasimama bungeni akasema wanalipa zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka kwa umeme ambao hawautumii. Na sisi tusicheke, IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, ya 1995 ilikuja kwa mlango huohuo wa dharura, megawati 100 pale Tegeta, na kapasiti chaji yake, yale malipo ya tumia usitumie, tunaijua wote tuliokuwa na akili timamu miaka ile.

Pakistan wao wamekutana na lingine kabisa. Wamejenga mitambo mikubwa kwa makadirio kwamba mahitaji yatapanda, bei ya umeme ikapanda kulipia ile mitambo, watu wakachukia wakaenda kununua paneli za China. Mwaka 2024 waliingiza paneli za kama gigawati 17. Wateja wazuri wanaondoka kwenye gridi, deni la mitambo linabaki kwa wasio na hela ya paneli. Hakuna mpango wa serikali uliokuwa na huo mstari.

Mzee wa Karabai

Vijana nawasoma. Mimi mtu wa Katonga, ziwani nimeingia tangu enzi za karabai. Chombo kimoja kilikuwa kinakwenda na karabai kadhaa, mafuta ya taa usiku mzima, ukirudi na dagaa kidogo mafuta yamekula faida yote. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, sababu yao ilikuwa ni uchakachuaji, watu wanachanganya kwenye dizeli. Hawakuwa wanafikiria ziwa hata kidogo. Sisi tukaumia kweli. Baadae zikaja taa za betri, mchana unachaji na sola, usiku unashusha. Leo karabai ukiiona ni ya mkaidi au ya makumbusho.

Sasa nauliza hao wa Paris, haya ya kwetu waliyaandika wapi?

Mtu wa Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Hawakuyaandika popote, na umenipa mfano bora kuliko wangu wote. Sera ya kuzuia uchakachuaji wa lori barabarani, na bei ya paneli kuanguka China, vimekutana ziwa Tanganyika vikazima karabai. Mkadiriaji wa mafuta ya taa wa 2010 angevuta mstari kwenda juu kwa sababu wavuvi wanaongezeka.

Mzee wa Karabai

Marahaba. Ila taa za bei rahisi zinakufa haraka hilo nalo waandike.

Dada wa Kasulu

Nyie wanaume mnaongea megawati na mapipa mpaka asubuhi, hakuna aliyetaja jikoni. Nishati kubwa ya nchi hii siyo umeme wala petroli, ni kuni na mkaa, kaya nane kati ya kumi na zaidi zinapikia hizo. Ingia Kasulu uone, na ukiongeza wakimbizi wa Nyarugusu wanaotafuta kuni kila siku, msitu unasogea nyuma unauona kwa macho.

Mei 2024 huohuo Paris kwa IEA walikaa mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika, Rais Samia akiwa mmoja wa wenyeviti, zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Na mkakati wetu wa taifa wa 2024 mpaka 2034 unasema asilimia 80 ya Watanzania watapikia nishati safi ifikapo 2034. Sawa, nzuri. Lakini hiyo 80 ni makadirio au ni lengo? Maana kwa jinsi inavyosemwa kwenye mikutano utadhani imeshapimwa. Mtungi kuupata siyo shida siku hizi, wanagawa hata kwa ruzuku, shida ni siku gesi ikiisha, hela ya kujaza ya mkupuo mmoja na mkaa wa kupima kopo unaupata kwa hela iliyopo mfukoni siku hiyo. Mkadiriaji anahesabu mtungi umefika nyumbani, mi nahesabu umejazwa mara ngapi.

bwana_asali

Dada umesema kweli tupu. Ongeza na tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge, mabani ya kukaushia yanakula miti ya miombo kila msimu, na nani anapima hizo kuni? Hakuna mita porini. Takwimu za kuni dunia nzima ni kukadiria juu ya kukadiria, mtu anachukua idadi ya kaya anazidisha na kilo alizopata kwenye utafiti mdogo. Halafu namba hiyo inaingia kwenye jedwali moja na mapipa ya mafuta yaliyopimwa mpaka tone, zinajumlishwa.

Na nyuki wangu wanahitaji hiyo miombo, ila hilo ni la uzi mwingine.

kijana_wa_UDOM

Mi naona mnawaonea wakadiriaji. Bila makadirio utajengaje bwawa? Linachukua miaka. Bwawa la Nyerere (JNHPP) waliobisha walisema umeme wa nini wote huo, leo bila hilo tungekuwa gizani. Na reli ya kisasa, SGR, ya umeme inakuja Tabora–Kigoma kilomita 506, Uvinza kwenda Musongati Burundi nayo ipo, hizo treni zitakula nini kama hatujakadiria leo? Angalieni wenzetu, IEA mwaka 2025 imesema vituo vya data duniani vitatoka terawati-saa 415 za 2024 kufika karibu 945 mwaka 2030 sababu ya akili bandia. Asiyejipanga ataachwa.

fundi_nguzo

Dogo hakuna aliyesema tusikadirie. Ila kwa hilo la vituo vya data tulia kidogo, mwaka 1999 kule Marekani kuna watu waliandika kwamba ndani ya miaka kumi hivi nusu ya umeme wa nchi utaliwa na intaneti na kompyuta. Miaka kumi ikapita, mashine zikawa zinakula kidogo zaidi kwa kazi ileile, haikufika hata karibu ya nusu. Safari hii inawezekana ikawa kweli, ila mwenye kituo cha kuzalisha umeme atapenda uamini mapema.

Hoja yangu ni jinsi ya kujenga. Ukiwa hujui kesho, usiweke kila kitu kwenye kitu kimoja kisichogawanyika. Na njia za kusafirisha umeme pia ziangaliwe. Mnasema umeme umezidi, Machi 2025 Rais akasema mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, watu wakachachamaa "si tunao mwingi?" Tunao ndio, kule Rufiji kwenye bwawa. Mpaka ufike Arusha unapotea njiani. Makadirio ya nchi nzima yanaweza kuwa sahihi kabisa na mtaa wako ukawa na taa ya njano.

Dada wa Kasulu

Ya njano kweli, jioni pasi haipati moto 😅

Mtu wa Mwanga

Kijana wa UDOM umenisaidia ujue. SGR ndo mfano wa mahitaji yanayotengenezwa na uamuzi. Hakuna mstari wa nyuma wa kuvuta pale, Kigoma haijawahi kuwa na treni ya umeme, ila serikali imeamua itakuwepo basi namba inawekwa kwenye mpango. Sasa kwa nini wakamuaji wa mawese na wa barafu wasiwekwe hivyohivyo? Wao wanaambiwa wasubiri takwimu.

Na mto Malagarasi muuone. Wamarekani wa MCC, shirika la misaada la serikali yao, kwenye mkataba wa 2008 walikuwa wajenge umeme wa maji Igamba, megawati 8. Ikaonekana kuna viumbe adimu wa mto ule wataathirika, mradi ukafa, badala yake tukapewa sola za shule, zahanati na masoko ya vijiji. Baadae Benki ya Maendeleo ya Afrika wakaja na mradi wa megawati 49.5 eneo hilohilo la Igamba. Kutoka 8, sifuri, mpaka 49.5. Maji yameongezeka? Wapi. Kilichobadilika ni nani anatoa hela, mahitaji gani yamehesabiwa, na kama laini ya kuupeleka umeme huo mbali ipo au haipo. Kwa Kigoma ya jenereta peke yake 49.5 ni kichaa, kwa Kigoma iliyounganishwa na gridi inaeleweka kabisa. Mto uleule.

Ndo maana nasema tusibishane na namba, tubishane na dhana zilizoizaa. Sensa ya 2022 imetuhesabu mkoa huu watu 2,470,967, hilo wanalo. Wanalokosa ni nani kati ya hao anakaa na jenereta ya dizeli nyuma ya nyumba akisubiri.

bwana_asali

Sasa tunafanyaje? Maana huu uzi utaishia "serikali isikie"

fundi_nguzo

Cha kufanya kipo na ni cha kawaida tu. Mpango Kabambe wa Umeme unarekebishwa kila baada ya muda, ule wa 2020 ni marekebisho siyo mpya. Kabla haujarekebishwa wanakusanya mahitaji ya wateja wakubwa mkoa kwa mkoa. Mwenye kinu cha mawese, mwenye wazo la barafu, mwenye machimbo, peleka barua ya maombi ya umeme hata kama laini haijafika, iandike kilowati, igongwe muhuri ipokelewe. Barua iliyopokelewa inahesabika. Lawama za kijiweni hazihesabiki. Wengi hawapeleki kwa sababu wanajua jibu ni hapana, na mpangaji asipoona barua anajua hakuna anayetaka.

Na ukipata ule mpango usianze na muhtasari. Nenda kwenye jedwali la dhana, uangalie uchumi wamesema utakua asilimia ngapi, upotevu wa umeme njiani wameweka ngapi, na viwanda vipya wamevitaja kwa majina au wameweka asilimia tu. Mkoa uliowekewa asilimia tu ujue hakuna barua iliyotoka huko.

Mzee wa Karabai

Hiyo barua inaandikwa ofisi gani? Sisi wa mialo tuna chama, tunataka mashine ya barafu Katonga na Kibirizi.

fundi_nguzo

Ofisi ya mkoa ya shirika la umeme mzee, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mashine iwe imetajwa ukubwa wake, tani ngapi za barafu kwa siku. Nitumie ujumbe pembeni nikusaidie kupiga hesabu ya kilowati.

mpita njia

Sijajibiwa bado kuhusu petroli